Skani isitozwe kama kopi

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu huduma ya kopi ya maktaba za vyuo imewasahau wanaosoma huku wanafanya kazi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao yake makuu hapa Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama hao. Mtu anatoka kazini Temeke, anapambana na foleni ya daladala. Huduma ya kopi ya maktaba ya chuo chochote ikifungwa mapema, atakimbilia steshenari ya mtaani.

Huko ndiko ninakoumia. Nimeona kompyuta ya steshenari imejaa tasnifu za watu, jina na namba ya usajili vinasomeka kwenye skrini, na kila flashi inayochomekwa inaondoka na virusi. Wanafunzi wenzangu, geuzeni kazi iwe PDF kabla ya kutoka nyumbani, la sivyo majedwali yatahama. Mkishaprinti, simamieni faili lifutwe mbele ya macho yenu.

Wakutubi nao nawaomba jambo moja: skani haili karatasi wala wino. Mwanafunzi aliyekuja na flashi yake aruhusiwe kuskani kurasa zake chache bure.