Mlima Mgumu Usiwe Mwisho

Kuweka kikwazo si kazi. Kazi ni kujua mahali pa kukiweka. Mwalimu akitunga mtihani, akalipa swali la mwisho alama themanini katika mia, wanafunzi watapita juu juu katika maswali mengine, wakilingojea lile moja. Mtihani huo utakuwa mgumu, lakini hautakuwa mzuri. Kosa hilo hilo hutendwa na baadhi ya watu wapangao njia za milimani katika mbio kuu tatu za baisikeli: ile ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1903, ya Italia iliyoanza 1909, na ya Hispania iliyoanza 1935.

Mbio hizi huchukua majuma matatu, na aghalabu siku za milimani ndizo zimtengazo mshindi na wenzake. Watazamaji wengi huzihukumu siku hizo kwa urefu wa vilele na ukali wa njia. Nasema kipimo hicho ni kibovu. Mlima Angliru wa Hispania, uliotumiwa mara ya kwanza mwaka 1999, una mahali ambapo njia huinuka zaidi ya mita 23 katika kila mita 100. Ni mlima wa kutisha kweli. Lakini mlima wa namna hiyo ukiwekwa mwisho, kila mshindani huuwekea akiba ya nguvu. Milima iliyotangulia hupandwa kwa mwendo wa msafara, na mashindano ya saa tano hugeuka kuwa ya nusu saa.

Linganisha na siku ya 25 Mei 2018 katika mbio za Italia. Mlima mgumu kuliko yote, Colle delle Finestre, wenye njia ya kokoto upande wa juu, uliwekwa katikati ya safari. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah, alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika tatu. Alitoka hapo peke yake, zikiwa zimebaki kilomita 80, akashinda siku ile na hatimaye mbio zote. Njia ilimpa nafasi ya kuthubutu, naye akathubutu.

Wako watakaosema kwamba kumalizia kileleni huepusha hatari ya mteremko. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwezi wa Juni 2023 Gino Mäder wa Uswisi alianguka akishuka mlima Albula katika mbio za nchi yake, akafa. Mstari wa mwisho ukiwa chini ya mteremko huwashawishi watu kushuka kwa pupa; nami siutaki huko. Lakini baina ya kilele na shimo kuna uwanda.

Tazama Bonde la Ufa letu. Njia ikitoka Nakuru, ikapita Marigat, ikapanda vilima vya Tugen hata Kabarnet, ikashuka bonde la Kerio, kisha ikapanda Tambach hata Iten, penye mita 2,400 hivi, wengi wangepiga mstari wa mwisho pale pale Iten. Mimi ningeupeleka Eldoret, mwendo wa kilomita thelathini na zaidi. Mpandaji hodari akifika Iten peke yake angekuwa hajashinda bado. Ingempasa kupigana na upepo, na nyuma yake wenzake wakipokezana kumfuata. Wala hapana ambaye angeona faida ya kushuka Kerio kama kichaa, maana mlima ungemngoja huko chini.

Enyi vijana, msiihukumu njia kwa kutazama inavyopanda. Ulizeni inampa mtu nafasi ngapi za kuchagua, na inamtoza nini akichagua vibaya. Ugumu usio na uchaguzi haumpimi mtu, humchosha tu.