Nakala zikigombana, fundi asiharakishwe

Jioni ya tarehe 21 Oktoba 2018, kwa saa za Marekani, kifaa cha mtandao kilichoanza kuchoka kilikuwa kikibadilishwa katika kampuni ya GitHub, inayohifadhi kazi za mamilioni ya waandishi wa programu za kompyuta. Kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki kikapoteza mawasiliano kwa sekunde 43. Huduma ikachechemea kwa saa 24 na dakika 11.

Sekunde 43 zilifanyaje hivyo? Programu inayosimamia hifadhidata, ilipoona mashariki hakujibu, iliipa pwani ya magharibi ukuu. Lakini mashariki kulibaki maandishi ya data, ya muda mfupi tu, ambayo hayakuwahi kuvuka bara, na magharibi nako kukaanza kupokea ya kwake. Mtandao uliporudi, mafahali wawili walikuwa ndani ya zizi moja. Katika kundi moja la seva zenye pilika nyingi, maandishi yaliyokwama yalikuwa 954.

Pengo la namna hiyo si uzembe. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na bara zima ni safari. Vituo vilivyo mbali mara nyingi hunakili kwa kuchelewa kidogo, la sivyo kila mteja angesubiri.

Arifa nyekundu ikiwaka, kishawishi ni kulazimisha upande mmoja ufanane na mwingine ili skrini irudi kijani. GitHub walikataa. Walisimamisha kazi kadhaa za mfumo, wakarudisha terabaiti za data kutoka kwenye nakala za akiba, watumiaji wakinung'unika. Walifanya vyema: huduma iliyochelewa hurudi, rekodi iliyofutwa huenda isirudi.

GitLab, kampuni nyingine ya kazi kama hiyo, waliyaona hayo tarehe 31 Januari 2017. Seva ya pili ilikuwa imebaki nyuma, kunakili kumegoma, na usiku umeshaingia. Mhandisi akaamua kufuta folda ya data ya seva hiyo ili aanze upya. Amri ikaenda kwenye seva kuu. Akaisitisha ndani ya sekunde chache. Katika gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Akiba ya kila siku nayo haikuwepo, kwani programu ya kuitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hiyo lawama zisiishie kwa fundi. Anayehangaika na kasoro ya nakala anahitaji mwenzake wa kuthibitisha yuko kwenye seva ipi, na nafasi ya kuandika upande upi ulipokea rekodi ya mwisho, saa ngapi, kabla ya kufuta chochote. Simu za bosi kila dakika tano hazimsaidii. Mkurugenzi mwenye vituo viwili vya data aulize wiki hii: akiba yetu ilijaribiwa kurudishwa lini mara ya mwisho, na nani aliiona ikifanya kazi?