NDEGE ZA VITA JUU YA MAPAA: RAIA AAMBIWE KWANZA

Wako watu ambao kazi yao ni kuwacheka wanaoshtuka. Ndege ya vita ikipita chini juu ya mji, watoto wakalia na wagonjwa wakaruka vitandani, wao husema: washamba hao, hawajapata kuona ndege. Na wakubwa nao, jambo likisha kupita, hutoa neno lao la siku zote: msiwe na hofu, yalikuwa ni mazoezi tu. Leo twataka kulijibu neno hili, na shahidi wetu ni Bukoba, maana hapana mji katika Jamhuri hii wenye haki zaidi ya kuuogopa mngurumo wa angani.

Asiseme mtu wa Unguja au Pemba kwamba Bukoba ni mbali na hayamhusu. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964, na usafiri wa anga umo katika orodha hiyo hiyo. Ndege ya jeshi irukayo juu ya Ziwa Viktoria na irukayo juu ya Mkondo wa Pemba zaamriwa na mkono mmoja. Sheria ikikosekana huko, imekosekana na huku.

Tuanze na yaliyotokea. Septemba 1972 wapinzani wa Idi Amin waliingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa. Amin hakuwafuata porini, alituma ndege. Bukoba na Mwanza zikapigwa mabomu, na raia wasiokuwa na bunduki wakafa. Oktoba mwaka ule ule yakafanywa mapatano ya Mogadishu, na watu wakaambiwa walale. Wakalala miaka 6. Oktoba 1978 ndege za Amin aina ya MiG zikarudi juu ya Bukoba. Vioo vya madirisha vikapasuka kwa kishindo, na mji ukaingiwa na taharuki. Siku chache baadaye majeshi ya Amin yakaitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Lakini baina ya mabomu ya kwanza na hotuba ile, mtu wa Bukoba habari za vita alizipata kwa masikio yake mwenyewe, kutoka juu.

Wala haikuishia hapo. Machi 1979 ndege kubwa ya mabomu ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kuipiga Mwanza. Makombora yake yakakosa shabaha, yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Hata swala wa kisiwani hawakusalimika na ugomvi wa wakubwa.

Sasa mtazame mtu wa Rubya. Rubya iko katika vilima vya Ihangiro, wilaya ya Muleba, kusini ya mji wa Bukoba. Iko hospitali inayotegemewa na wilaya nzima, iko na seminari ya tangu zama za wamisionari. Mtu angesema: hawa wako mbali na mpaka, na baina yao na Uganda uko mto mzima. Lakini mto humzuia askari wa miguu, haumzuii aliye hewani. Ndege ya vita iendayo kilomita 900 kwa saa hutoka mpakani ikafika Rubya kwa dakika zisizofika 10. Na ikipita chini kwa mwendo huo, sauti yake haitangulii kutoa taarifa. Hufika karibu pamoja nayo, kwa ghafula, kama mlango uliobamizwa. Mzazi aliye katika uchungu wa kuzaa hawezi kuuliza kwanza kama mpita ni rafiki au adui. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Je, huo ni ushamba? Sisi twasema ni kumbukumbu, na Serikali yenye kuwaheshimu raia huiheshimu kumbukumbu yao.

Na wale wanaosema raia ajifunze kutambua ndege za nchi yake, nawaikumbuke Musoma. Katika vita ile ile ya 1978, ndege za Tanzania yenyewe ziliangushwa huko na askari wa Tanzania, waliodhani ni za Amin. Askari hao walikuwa wamefunzwa, na silaha mikononi. Ikiwa wao walikosea, vipi atakiwe kutokosea mvuvi wa Bumbire au bibi kizee wa Rubya aliyemo shambani mwake katikati ya migomba?

Tena hatari haikuzikwa pamoja na Amin. Januari 2023, huko Goma, jirani zetu waliona ndege ya vita ya Kongo ikipita juu ya vichwa vyao huku ikifuatwa na kombora kutoka upande wa Rwanda. Raia wa miji miwili iliyopakana walitazama juu bila ya kujua ni vita imeanza au haijaanza. Kagera si mbali na huko.

Watatuambia: hizi ni siri za jeshi. Hoja hii haina miguu. Ndege inayopita juu ya mji mchana kweupe, kila mwenye macho akaiona, ina siri gani iliyobaki? Adui anaisikia kama anavyoisikia muuza ndizi. Anayefichwa ni raia peke yake. Hatusemi kwamba jeshi litangaze safari zake za vita. Ikiwa mpaka umevamiwa, na ziruke saa hiyo hiyo, nasi tutaziombea dua. Tunasema juu ya mazoezi, maonyesho na gwaride za sherehe, mambo ambayo tarehe yake hujulikana kabla. Kinachojulikana kabla chaweza kutangazwa kabla.

Watasema tena: hakuna sheria inayovunjwa. Hapo wana neno, na hilo ndilo lalamiko letu. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huikataza ndege ya kiraia kuruka juu ya mji chini ya mita 300 kupita jengo refu lililo karibu nayo. Lakini Mkataba wa Chicago wa 1944 umezitoa ndege za jeshi nje ya kanuni hizo, ukaiachia kila nchi ijiwekee zake. Basi dhamana imo mikononi mwetu wenyewe, na kulaumu wageni haitafaa.

Wenzetu wa nchi nyingine waliwahi kupata haki yao. Mwaka 1964 Serikali ya Marekani ilirusha ndege zenye kupita mwendo wa sauti juu ya mji wa Oklahoma City, vishindo zaidi ya 1,200 kwa miezi 6, kujaribu raia watavumilia kiasi gani. Raia walikuwa wameambiwa kabla. Hata hivyo vioo vilipovunjika walikwenda mahakamani, na Serikali ikashindwa. Je, sisi tusioambiwa lolote tudai kidogo kuliko hao?

Wala tusisahau nani hufika kwanza balaa likitokea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 walikufa. Na waliofika mwanzo kuwaokoa wengine walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ghala za jeshi zilipolipuka Mbagala mwaka 2009, na Gongo la Mboto mwaka 2011, waliokufa majumbani mwao walikuwa raia. Anayebeba mzigo wa ajali ana haki ya kubeba na habari.

Kwa hiyo twadai haya manne:

1. Mazoezi na maonyesho ya ndege za vita juu ya mji yatangazwe siku mbili kabla, katika redio, misikitini, makanisani, kwa masheha na wenyeviti wa vijiji: siku, saa na mahali.
2. Uwekwe urefu maalumu ambao hazitashuka chini yake juu ya makazi, na hospitali ziepukwe.
3. Iwepo ofisi ya raia inayopokea madai ya hasara na kuyajibu kwa maandishi.
4. Haya yote yawe sheria, yasiwe hisani ya mkubwa mmoja.

Ndugu wanachama, kila tawi liyasome haya katika mkutano wake, liyaandikie barua, na limpelekee mbunge aliyechaguliwa visiwani humu. Aulizwe mbele ya watu: utasimama Dodoma kuyasema, ama hutasimama? Ulinzi ni wa Muungano, basi na swali letu ni la Muungano. Akijibu ndiyo, tumsaidie. Akinyamaza, jina lake liandikwe, na siku ya kura lisomwe.