Usichukue mkopo wa mashine ya kukata chuma kabla hujajua kuchora

Leo nina maoni ambayo najua wauza mashine hawatayapenda. Ni haya: kwa sisi wauzaji wadogo wa vipande vya chuma, mtaji wa kwanza ni mchoro. Mashine mwachie mwenye karakana, wewe mlipe akukatie.

Nasema hivi kwa sababu kila wiki inbox napata swali lilelile. "Dada, nataka nianze biashara kama yako, nimeona mashine ya leza inauzwa mtandaoni, nichukue mkopo?" Wengine hata hawaulizi tena. Wameshafika kwa wale wa kausha damu, kadi ya pikipiki imeshawekwa dhamana. Nikiwauliza utakata nini, na mchoro wake uko wapi, kimya. Jamani, hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwa wasionifahamu: nauza vipande vya chuma vya kutengenezea nakala za vifaa vya sinema. Siuzi kifaa kizima. Nauza pete ya kubana mpini wa upanga wa mwanga, meno ya mkufu wa mfalme wa Wakanda, bamba la kifuani, vishikizo, alama za mkanda. Mteja anamalizia mwenyewe nyumbani kwa bomba, gundi, rangi na ngozi. Wanaonunua ni vijana wanaovaa kama wahusika wa sinema kwenye maonyesho, hasa Nairobi, pia studio za picha, watu wa filamu fupi, na wazazi wenye watoto wa birthday. Soko ni dogo lakini lina watu wanaojua wanachotaka.

Wanachonunua ni kipimo

Chukulia ule upanga wa mwanga wa Luke kwenye Star Wars ya 1977. Roger Christian, aliyekuwa anapamba seti, aliutengeneza kwa mpini wa flashi ya kamera ya zamani aina ya Graflex, alioupata kwenye duka la vifaa vya picha London. Akaongeza vipande vyeusi vya kushikia na kapambo kutoka kwenye kikokotoo. Basi. Kitu cha dukani kikawa silaha maarufu kuliko zote kwenye sinema, na yeye na wenzake wakapata Oscar ya mandhari mwaka 1978.

Sasa angalia: mpini ule ulikuwa flashi ya kamera, lakini leo wapenzi wake wanabishana kuhusu upana wa pete moja kwa milimita. Mteja wa namna hii ukimpelekea pete imezidi kidogo, anakurudishia. Ukimpelekea iliyokaa sawasawa, anakuletea wenzake watano. Yaani anachokulipa ni ule usahihi. Na usahihi unatoka kwenye mchoro, maana mashine itakata hata upuuzi ikiambiwa.

Black Panther ya 2018 ni hivyohivyo. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa kazi ile, na mashabiki huku kwetu wanaitaka mikufu na bangili za namna ile. Meno ya mkufu yanaonekana mepesi, lakini jino la katikati na la pembeni si saizi moja. Ukichora moja ukalirudia, mkufu unakaa kama msumeno. Mteja hatajua kukueleza kasoro iko wapi, ila hatanunua tena.

Ukweli kuhusu mashine za bei nafuu

Mashine ndogo za leza ya CO2 zinazotangazwa sana, zile za wati 40 hadi 60, ni nzuri kwa mbao nyembamba, akriliki, ngozi na kadibodi. Bati la chuma la milimita 2 hazikati. Zile ndogo za faiba za wati 20 zinaandika na kuchora juu ya chuma, ni nzuri kwa majina na alama, lakini kazi yake si kukata bamba. Leza ya kukata chuma kwa kazi ya kila siku ni mashine kubwa, kwa kawaida kuanzia wati 1,000, nayo inataka umeme wa uhakika, gesi, kupozwa, na fundi anayeijua. Hiyo siyo biashara ya sebuleni.

Tangazo linasema "inakata kila kitu". Kabla hujatoa hela, muombe muuzaji video ya mashine hiyohiyo ikikata bati la unene unaoutaka. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Wakati huohuo karakana zinazokata mageti ya urembo na grili ziko mijini kwetu, na mashine zao hazina kazi kila saa. Ukiingia na faili safi, unahudumiwa. Ukiingia na picha ya WhatsApp ukasema "fundi nikatie kama hii", fundi atakuchorea kwa kukisia na atakutoza kazi ya kuchora.

Mchoro mzuri ukoje

Haya ndiyo ningependa mtu ajifunze kwa miezi miwili kabla hajasaini mkopo wowote.

1. Nunua kalipa ya kidijitali. Ndiyo kifaa cha kwanza. Pima bomba, pima skrubu, pima hata bati lenyewe, maana bati linaloitwa la milimita 2 si lazima liwe 2 kamili.

2. Tumia programu za bure. Inkscape, LibreCAD na FreeCAD zote ni bure na zinatoa faili la DXF, ambalo karakana nyingi zinalipokea. Chora kwa saizi halisi, kwa milimita, na andika kipimo kimoja kikubwa kwenye ujumbe wako ili fundi ahakikishe. Faili likisomwa kwa inchi badala ya milimita, kipande kinakuwa kikubwa mara 25.4.

3. Mistari ifunge. Mstari uliokatika unaweza kuisimamisha kazi, na mistari miwili iliyolaliana inafanya mashine ikate mara mbili, na wewe ulipe mara mbili. Maandishi yageuze yawe umbo. Herufi kama O na A zinahitaji vidaraja, la sivyo tumbo la herufi linadondoka.

4. Tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bati. Bati la milimita 3, tundu la milimita 3 au zaidi. Na usiliweke karibu sana na ukingo.

5. Mkato una upana wake. Leza inakula kama milimita 0.1 hadi 0.3, plasma inakula zaidi, inaweza kufika milimita 1 na kuendelea. Muulize fundi kama programu yake inafidia. Kama kipande kimoja kinaingia kwenye kingine, acha nafasi kidogo ya kupumua.

6. Kukunja kunabadilisha urefu. Ukitaka kona ya nyuzi 90 kwenye bati la milimita 2, upande mmoja 30 na mwingine 20 kwa nje, usichore 50. Ni karibu 46 au 47, kutegemea kona ilivyo ya mviringo. Kunja kipande cha majaribio kwanza. Na kwa alumini, aina ya 5052 inakunjika vizuri, ila 6061 iliyokazwa hupasuka kwa urahisi kwenye kona kali.

7. Pete ya kuzungushia bomba ina hesabu yake. Bomba la inchi moja na nusu ni kama milimita 38.1. Bati ni la milimita 1. Jumlisha 38.1 na 1, zidisha kwa 3.14, unapata karibu milimita 122.8. Wengi wanazidisha 38.1 peke yake, halafu pete inakataa kukutana.

8. Kata boksi kwanza. Chapisha mchoro kwa asilimia 100, hakikisha mstari wa milimita 100 ni 100 kweli kwenye karatasi, bandika kwenye boksi, kata kwa wembe, kijaribishe. Boksi ni la bure na bati unalinunua.

Kama unapima kutoka kwenye picha, tafuta picha iliyopigwa kwa mbali na kuvutwa, siyo ya karibu, maana ya karibu inapotosha umbo. Kisha tafuta ndani yake kitu ambacho unakijua saizi, ndicho kiwe rula yako.

Hesabu inavyosema

Tuchukue mfano tu, weka bei za kwenu. Vipande 30, bati na kukata 150,000, yaani 5,000 kila kimoja. Msasa, tupa na rangi 1,500. Kifungashio 500. Gharama ni 7,000 kila kimoja, jumla 210,000. Ukiuza 15,000, faida kwa vyote ni 240,000.

Sasa vipande 10 vikikosewa milimita 2 na ukagundua umeshapaka rangi, unabaki na 20 vya kuuza. Mauzo 300,000, toa 210,000, faida ni 90,000. Milimita 2 zimekula 150,000. Wala mashine haikuwa mbovu.

Upande mwingine, karakana nyingi zinatoza kwa urefu wa mkato, unene wa bati na idadi ya mara mashine inapotoboa. Mchoro wenye vitundu 40 vya urembo ni ghali kuliko wenye vitundu 8 vinavyofanya kazi. Ukijua kuchora, unapunguza gharama ukiwa umekaa nyumbani. Panga vipande vizuri, vidogo ndani ya nafasi za vikubwa, na muulize fundi kama ana mabaki ya bati. Yote haya yaandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

Najua mtaniambia nini

"Vya China ni rahisi." Ni kweli, na sishindani navyo. Lakini cha China kimetengenezwa kwa bomba la kwao. Mteja wangu ameshika bomba la sinki alilonunua duka la vifaa vya ujenzi hapa. Ananiandikia, "Dada, pete itaingia?" Namjibu, "Kaka, nipimie unene wa nje sehemu tatu, unitumie." Pete inachorwa kwa bomba lake. Hiyo huduma haiji kwenye kontena.

"Karakana itaiba mchoro wangu." Inaweza. Ndiyo maana wateja, picha nzuri, maelezo ya kufunga na uaminifu ni vyako, siyo faili peke yake. Na ukiwa na mchoro mpya kila mwezi, mwenye kuiba la zamani hakusumbui sana.

"Kukodi ni kupanga foleni." Ndiyo. Lakini foleni haina riba. Mkopo unadaiwa kila wiki, na oda za biashara hii zinakuja kwa misimu. Maonyesho yakipita, simu inanyamaza. Marejesho hayanyamazi.

Simaanishi usinunue mashine milele. Siku oda zako zitakapokuwa zinalipa karakana kila mwezi hela inayozidi rejesho, kwa miezi kadhaa mfululizo, na daftari linaonyesha hivyo, njoo tuongee tena.

Mambo mawili ya mwisho

La kwanza, nakala za bunduki mimi sifanyi. Mtu akionekana nayo barabarani, hakuna atakayesubiri kuuliza kama ni ya sinema. Visu na mapanga ya kuigizia, acha makali butu na ncha ya mviringo.

La pili, sinema zina wenyewe. Majina, nembo na picha za kampuni za filamu usizibandike kwenye bidhaa wala kwenye tangazo lako kana kwamba ni zako. Mwenye haki akilalamika, mtandao unaweza kukufungia ukurasa na wateja wako wote wakapotea siku moja. Mimi natangaza kazi ya kipande: "pete ya bomba la inchi moja na nusu, alumini". Anayejua anajua. Na ningependa zaidi uchore vya kwako kabisa. Kwa Tanzania, mambo ya hakimiliki yaulize COSOTA, na alama ya biashara yako isajili BRELA.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefikiria mkopo wiki hii: nunua kalipa, pakua programu ya bure, chora kipande kimoja, kata boksi, kisha nenda karakana na vipande vitano tu. Uza hivyo vitano. Ukishindwa kuviuza, umepoteza kidogo na pikipiki bado ni yako.

Mtumie mwenzako ambaye ameshaanza kuangalia mashine. Na kama una mchoro ambao fundi ameukataa, uweke hapo chini tuuangalie pamoja.