Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uhamiaji wa Denmark: Kibali Kiwe cha Binti Mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kibali cha au pair, yaani kijana wa kigeni anayeishi na familia ya wenyeji na kuisaidia kazi za nyumbani, na jinsi kinavyowabana mabinti wa Kifilipino, ambao kwa miaka mingi ndio wamekuwa wengi kati ya wenye kibali hicho hapa Denmark. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wewe utaletewa tafsiri, lakini nataka barua hii isomwe pia na wazazi wa Mombasa, Arusha na Kampala, kwa sababu mawakala wa kazi za namna hii Ulaya wameshabisha hodi kwao.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee hapa Copenhagen. Wiki yangu ni saa 37, nikizidisha nalipwa, nikionewa nina chama cha wafanyakazi cha kukimbilia. Rafiki yangu wa Iloilo, Ufilipino, anafanya kazi isiyo mbali na yangu, ila yeye anahudumia watoto. Sheria yako inasema hayuko kazini. Yuko kwenye mabadilishano ya utamaduni, na anawasaidia wenyeji wake kazi za nyumbani saa 3 hadi 5 kwa siku, zisizozidi 30 kwa wiki. Anastahili siku moja na nusu ya mapumziko kwa wiki, chumba, chakula, na posho ya kila mwezi, ambayo nayo inakatwa kodi.

Ratiba yake nimeiona. Imechapwa vizuri na kubandikwa kwenye friji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukata mkate mweusi na kufungasha chakula cha watoto. Kuwavisha, kuwapeleka. Kufua, kupiga pasi mashati, kusugua bafu. Hapo karatasi inabaki nyeupe hadi saa tisa alasiri, watoto wanaporudi. Baada ya hapo imeandikwa neno moja tu, "chakula", lakini jikoni hatoki mpaka watoto walale, saa mbili usiku. Sehemu ile nyeupe ndiyo inayohesabiwa kuwa mapumziko, na mdogo akiwa na homa anashinda mapajani mwake muda huo huo. Ukijumlisha saa zilizoandikwa unapata tano kamili. Ukihesabu tangu alipoamka mpaka anapofunga mlango wa chumba chake, zinapita 13.

Utauliza kwa nini halalamiki. Mheshimiwa, kibali chake kimefungwa kwenye familia ile ile ambayo angeilalamikia. Mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya wiki mbili tu. Ukivunjika, familia inapungukiwa na mtu wa kupiga pasi. Yeye anapoteza kitanda, posho na uhalali wa kuwa nchini, vyote kwa pamoja, asipowahi kupata familia nyingine na kuomba kibali upya. Wenyeji wakimtuma akasafishe nyumba ya ndugu yao, anavunja sheria kwa kuwatii. Akikamatwa, wao wanatozwa faini na kulala kwao. Yeye anarudishwa Ufilipino. Kwa hali hiyo nani atathubutu kwenda kusema kwamba saa tano zimekuwa 13?

Watu wa kwetu Afrika Mashariki wanalijua jambo hili kwa uchungu. Wengi tuna dada au shangazi aliyefanya kazi za ndani Ghuba chini ya mfumo wa kafala, makaratasi yake yakiwa mikononi mwa tajiri. Huko wengi hunyang'anywa paspoti. Rafiki yangu paspoti yake anayo mkobani, ila haimsaidii kuondoka katika nyumba inayomchosha.

Kuna sharti jingine linaloniumiza kulitaja. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 29, awe hajaolewa, awe hana mtoto. Mnataka mtu anayejua kulea, kisha mnamkataa aliyezaa. Matokeo yake ni uongo wa lazima. Namjua mama mmoja ambaye mwanawe, anayelelewa na bibi, amefundishwa kumwita shangazi kila wanapoongea kwa video, wenyeji wasije wakasikia. Amekaa hivyo mwaka wa pili sasa, akiwaogesha watoto wa wengine.

Nasikia wapo wanaokushauri ufanye kama Norway, iliyoufuta mpango huu Machi 2024. Nakusihi usifanye hivyo. Mwaka 1998 serikali ya Manila yenyewe ilipiga marufuku mabinti zake kwenda Ulaya kwa njia hii, baada ya taarifa za unyanyasaji. Waliendelea kuja. Walipitia nchi nyingine, wakalipa watu wa kuwapitisha uwanja wa ndege, wakafika hapa na madeni na bila ubalozi kujua walipo. Marufuku ililegezwa mwaka 2010 kwa Denmark, Norway na Uswisi, na mwaka 2012 kwa Ulaya yote. Leo angalau binti anahudhuria semina ya Tume ya Wafilipino wa Ng'ambo kabla ya kupanda ndege. Mkifunga mlango, mashati ya mitaa ya matajiri kama Hellerup na Gentofte bado yatahitaji pasi, na atatafutwa mtu wa kuyapiga kimyakimya.

Ninachoomba ni kibali cha kazi za nyumbani kilichoandikwa jina la binti mwenyewe, kinachomruhusu kuhama familia bila kuomba ruhusa upya, na kinachompa miezi kadhaa ya kutafuta nyingine akiwa nchini kihalali. Mshahara uwe wa makubaliano ya chama. Sharti la kutokuwa na mtoto liondolewe. Ufilipino ilikwisha kuamua jambo hili: sheria yake ya mwaka 2013, iitwayo Batas Kasambahay, inampa mfanyakazi wa ndani mkataba, kima cha chini cha mshahara, siku ya mapumziko na hifadhi ya jamii. Mwanamke huyo huyo akiwa Manila ni mfanyakazi, akitua uwanja wa ndege wa Kastrup anageuka mgeni anayesaidia.

Familia zitasema hazitamudu mshahara huo. Wengine kweli hawatamudu, na watapeleka watoto chekechea kama majirani zao, ambako mzazi hachangii zaidi ya robo ya gharama. Wenye uwezo watalipa. Mimi nalipwa kwa kumwogesha mzee wa watu, na hakuna aliyewahi kuniambia ule ni utamaduni.

Wizara yako ikianza kuandika kanuni mpya, waite mabinti wenyewe wazungumze, bila wenyeji wao kuwa chumbani. Waite Jumapili baada ya misa, maana siku nyingine hawatapata ruhusa.

Wako,
Mhudumu wa wazee, Copenhagen