Madodoso Mia Nne Hayafanyi Utafiti

Tasnifu nyingi za uzamili wa biashara katika vyuo vyetu zinafanana mno sura ya tatu. Kuna fomula ya Yamane ya kukokotoa sampuli. Kuna dodoso lenye kauli ishirini au zaidi, majibu yakianzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Kuna kipimo cha Cronbach cha uthabiti wa dodoso kilichovuka 0.7, na mwisho kuna programu ya takwimu ya SPSS. Hata kichwa cha kazi kimetoka kwenye kalibu moja: athari za jambo fulani kwa utendaji wa kampuni, mfano wa benki fulani, tawi la mahali fulani. Anayepita njia hiyo huambiwa amefanya sayansi. Mwenzake akija na hesabu za kampuni zilizokaguliwa, au madaftari ya mauzo ya wenye maduka, swali la kwanza atakaloulizwa ni: dodoso lako liko wapi?

Napinga kwa nguvu zangu zote imani kwamba bila dodoso hakuna utafiti. Miongozo ya utafiti huwaonya wanafunzi juu ya mada pana kupita kiasi, mapitio ya maandiko yasiyo na hoja, marejeo yaliyoandikwa vibaya. Hayo ni makosa kweli, lakini msimamizi makini huyanyoosha kwa wiki chache. Kuamini kwamba utafiti wa biashara ni kugawa madodoso ni kosa la aina nyingine. Hugundulika data zikiwa zimeshakusanywa na ada imeshalipwa, na wakati huo hakuna hesabu inayoweza kuiokoa kazi.

Rensis Likert alipochapisha njia yake mwaka 1932 alikuwa anatafuta namna ya kupima mitazamo ya watu, na kwa kazi hiyo njia yake inafaa hadi leo. Ukitaka kujua wateja wanaridhika kiasi gani na huduma ya kaunta, waulize wateja. Hakuna kumbukumbu ya hesabu itakayokujibu. Sisi tumeichukua njia hiyo tukaipa kazi isiyo yake. Tunamuuliza karani wa benki kama anakubali kwamba mafunzo kazini yameongeza faida ya benki. Karani huyo hajawahi kuonyeshwa mchanganuo wa faida ya tawi lake. Ameletewa karatasi yenye barua ya utambulisho iliyopokelewa na meneja wake, ana foleni ya wateja mbele yake, na hataki kuonekana mtu wa kupinga. Anaweka alama kwenye "nakubaliana". Chini kidogo ya ukurasa uleule anaulizwa kama mafunzo yalikuwa mazuri, napo anakubali. Kompyuta inalinganisha majibu hayo mawili, inakuta yanakwenda pamoja, na tasnifu inatangaza kwamba mafunzo huongeza faida. Kilichopimwa ni hali ya mtu mmoja mchana mmoja. Philip Podsakoff na wenzake waliliandikia tatizo hilo kwa kirefu mwaka 2003, wakieleza jinsi majibu yaliyotoka kwa mtu mmoja, kwa chombo kimoja, kwa wakati mmoja, yanavyoweza kuzaa uhusiano ambao haupo.

Lipo jambo baya zaidi, nalo halihitaji takwimu za juu kulitambua. Kama swali lako linahusu sera ya kampuni na faida ya kampuni, na umekwenda kwenye kampuni moja tu, basi unayo sera moja na faida moja. Ukihoji wafanyakazi 133 hupati faida 133. Unapata maoni 133 juu ya faida ileile. Hakuna kampuni nyingine isiyo na sera hiyo ya kulinganisha nayo, wala hujaangalia miaka kabla ya sera kuanza. Kitu kisichobadilika popote ndani ya data zako hakiwezi kuonyeshwa kwamba kimesababisha chochote. Hili lingepaswa kuulizwa siku ya kwanza ya kujadili pendekezo la utafiti: katika data zako, ni nini kinachotofautiana, na kati ya nani na nani? Mwanafunzi asiye na jibu asiruhusiwe kuchapa hata dodoso moja.

Namba hiyo 133 sikuiokota hewani. Ndiyo anayoipata kila mwenye kampuni ya wafanyakazi 200 akitumia fomula ya Taro Yamane kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5. Watu 10,000 watakupa 385. Watu milioni moja watakupa 400. Kwa sababu namba inatoka kwenye fomula, imepewa heshima ya kupita kiasi. Fomula hiyo inajibu swali dogo sana: ukitaka kukadiria asilimia ya watu wenye sifa fulani, na ukawachagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili, uchukue wangapi? Haisemi lolote kuhusu idadi inayotosha kugundua kama mtaji unaathiri mauzo. Haiwezi pia kuwageuza watu uliowakuta kantini saa ya chakula wawe sampuli ya nasibu. Nimesoma kazi ambazo ukurasa mmoja mzima unakokotoa sampuli hadi sehemu za desimali, kisha aya inayofuata inaeleza kwamba waliogawiwa madodoso ni wale waliopatikana kwa urahisi. Hapo ukokotoaji wote umekwisha kazi, na msomaji makini anaona.

Utafiti wa biashara wenye maana huanza na kitu kinachotokea. Mwaka 2014 Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichapisha kazi yao kuhusu biashara ndogo za magharibi mwa Kenya. Mada yao ilikuwa chenji. Mteja anakuja na noti kubwa, mwenye duka hana chenji, mauzo yanapotea. Kila mmoja wetu amesimama mbele ya kaunta ya namna hiyo. Wao wakahesabu: biashara ya kawaida ilikuwa inapoteza kiasi cha asilimia 5 hadi 8 ya faida yake kwa kukosa chenji tu. Tena waligundua kwamba kule kuwatembelea wenye maduka na kuwauliza kila wiki wamekosa chenji mara ngapi kuliwafanya waanze kuitafuta mapema. Maswali waliuliza, ndiyo, lakini waliuliza juu ya matukio: mara ngapi, lini, umepoteza mauzo ya kiasi gani. Hakuna aliyetakiwa kusema kama anakubaliana kabisa kwamba chenji ni muhimu kwa biashara.

Mfano mwingine ni M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Tumeandika juu yake tasnifu zisizo na idadi zikithibitisha kwamba watumiaji wanaiona nzuri. William Jack na Tavneet Suri waliuliza jambo linaloweza kukataliwa na data: kaya ikipatwa na msiba, maradhi au mavuno mabaya, matumizi yake yanashuka? Walizirudia kaya zilezile baada ya muda, na wakaangalia pia jinsi mawakala walivyokuwa wanasogea karibu na watu. Katika kazi yao ya mwaka 2014, kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na janga matumizi yalishuka kwa takriban asilimia 7, na za watumiaji hazikutikisika, kwa sababu ndugu walioko mbali waliweza kutuma pesa kwa gharama ndogo. Matokeo hayo yana uzito kwa sababu yangeweza kutoka kinyume.

Najua jibu la wanafunzi. Hao ni maprofesa wenye fedha za utafiti na miaka ya kufanya kazi. Mimi nina miezi sita, nina ajira, nina watoto, ada najilipia. Ni hoja ya kweli na siidharau. Lakini dodoso lenyewe lina gharama: kurudufu, nauli, kufuatilia barua za vibali, kurudi mara tatu ofisi moja kuambiwa mhusika yuko likizo. Wengine hali hiyo imewasukuma kwenye jambo la aibu, la kukaa na kujaza karatasi wenyewe usiku. Wakati huohuo data nzuri ziko wazi na hazichukuliwi. Benki za Tanzania hutangaza hesabu zao magazetini kila robo mwaka, pamoja na kiwango cha mikopo chechefu, idadi ya matawi na idadi ya wafanyakazi. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, na la Nairobi, lililoanzishwa 1954, hutoa ripoti za mwaka zilizokaguliwa. Mwanafunzi anayetaka kujua uhusiano wa mafunzo na faida anaweza kuanza kwa kutazama gharama za wafanyakazi na mapato katika benki ishirini kwa miaka kumi, akiwa nyumbani kwake.

Serikali nazo hutuletea matukio yanayofaa kuchunguzwa. Kenya iliweka kikomo cha riba ya mikopo Septemba 2016, ikakiondoa Novemba 2019. Mkopo kwa mfanyabiashara mdogo ulikwenda wapi katika miaka hiyo mitatu? Benki ndogo zilifanya sawa na kubwa, au zilikimbilia hati fungani za serikali? Hesabu za kila robo mwaka zipo, kabla, wakati na baada. Tanzania ilianzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021. Wakala wa mtaani ana daftari lake, lenye Juni na lenye Agosti. Mawakala thelathini waliokubali kufunguliwa madaftari yao wangetuambia mengi kuliko wateja 400 wanaokubaliana kabisa kwamba tozo ni mzigo.

Imani ya dodoso imeleta pia hofu ya jibu la hapana. Mwanafunzi akikosa thamani ya p iliyo chini ya 0.05 anadhani amefeli, anabadilisha vigezo mpaka ipatikane. Kiwango hicho cha asilimia 5 kilienezwa na Ronald Fisher kwenye kitabu chake cha mwaka 1925 kama mpaka wa kurahisisha kazi. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kikionya kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo. Benki ikijua kwamba kampeni iliyogharimu mamilioni haikuongeza amana, imepata taarifa yenye thamani kubwa. Tasnifu inayosema hivyo kwa uthibitisho ni tasnifu iliyofaulu.

Lawama kubwa siwapi wanafunzi. Kalibu hii inadumu kwa sababu ni rahisi kusahihisha. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi kupita uwezo wake anaweza kukagua kama Yamane yupo, Cronbach yupo na jedwali lina nyota za thamani ya p, bila kulazimika kuuliza kama swali lenyewe lina jibu. Na aliyepitishwa kwa kalibu hiyo, akiajiriwa kufundisha, huwapitishia wengine humohumo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za biashara wafanye jambo moja mwaka huu wa masomo. Waondoe dodoso na fomula ya sampuli kwenye mambo ya lazima katika kiolezo cha pendekezo la utafiti, na mahali pake wamtake mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: anataka kujua nini kimetokea, ushahidi wake umeandikwa wapi, na ni matokeo gani yatakayomlazimu kukiri kwamba dhana yake si kweli. Ukurasa huo ukishindikana, pendekezo lirudishwe kabla mwanafunzi hajatumia hata shilingi moja.