Vitambaa vya makochi msivionee

Mwandishi wa makala ya kupamba sebule, kwa mapazia mepesi nakuunga mkono, lakini vitambaa vya kufuma umevionea bure. Kwetu Tanga vumbi la dirishani na mafuta ya nazi ya vichwani mwa wageni huishia kwenye kitambaa. Jumamosi unakivua, unakiloweka na sabuni ya unga, unakipiga pasi kikiwa bado na unyevu ili kisikunjamane, na kochi linabaki kama lilivyotoka kwa fundi. Jaribu kulifua kochi lenyewe uone.

Na kwenye muziki, eti wageni wawekewe piano laini! Baba mkubwa akija Idi anataka nyimbo za Shakila, au za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 na bado anamwinua mzee kitini na kanzu yake. Kweli, chai ikishamiminwa sauti ipunguzwe. Watu wamekuja kujuliana hali, kuuliza nani kaoa na nani mgonjwa.

Hilo pendekezo lako la meza ya kioo katikati ya sebule sitalijadili sana. Wenye watoto wadogo, nawaombeni msiinunue.